Tangu Kompyuta Ipone

Kwa Mrombo,
S.L.P. 1147,
Arusha.
20 Julai, 2008.

Mpendwa mwanangu Derick,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini kwa kuwa wewe uko Ufini na mimi niko hapa, nimeona niitikie kabisa tusipoteze wakati. Bwana asifiwe. Hali yako? Kile kifua kilichokuwa kinakubana ukitoka nje asubuhi kimeachia? Na yule mama mwenye nyumba wako, mguu wake umepona? Mpe pole zangu, hata kama hatajua zimetoka kwa nani.

Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi za kanisa. Uliwahi kunieleza kwamba mwezi huu huko jua halitaki kulala. Huku kwetu halitaki kuamka. Ni wiki ya pili sijauona Mlima Meru, ukungu umeufunika mpaka chini, na dukani nashinda na kitenge mabegani kama mgonjwa. Mbwa wako Jasiri amezeeka, siku hizi anabweka akiwa amelala.

Utashangaa kuona mwandiko wangu, mimi niliyepiga chapa ofisini miaka ishirini na miwili. Nimefanya makusudi. Barua pepe zangu unazijibu kwa maneno mawili, "Sawa, Mama." Barua ya mkono, tena iliyobandikwa stempu, nadhani utaona aibu kuijibu hivyo.

Nilipata swali lako la wiki iliyopita. Umeniuliza kwa nini hatimaye niliiondoa Windows na kuweka ile Linux uliyonitumia, maana unataka kuwaeleza wenzako kazini jinsi mama wa miaka sitini na moja wa Arusha alivyobadilisha mfumo wa kompyuta mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Lakini jibu lake ni refu, na sina hakika kama lote ni la kuwasomea wenzako.

Unakumbuka tulivyoanza. Shirika lilipouzwa na sisi wapiga chapa tukaambiwa asanteni, nilifungua hili duka na taipureta moja. Miaka ikapita, ukaniletea kompyuta, ukaijaza Windows kutoka kwenye sidii uliyoinunua kwa kijana wa barabarani. Tangu siku hiyo kila nikiwasha, kioo kilinitangazia kwamba programu hii si halali. Mzee wa kanisa mzima, kila asubuhi naambiwa nimeiba kabla sijanywa chai! Hiyo waambie wenzako, ni sababu nzuri, nayo ni ya kweli.

Waambie pia habari za virusi. Hapa dukani kila mtu anakuja na flashi yake. Wanafunzi, makatibu wa vikundi, kwaya, mwenyekiti wa mtaa. Ni kama kuku wa gulioni, kila mmoja anakuja na utitiri wake, na ukimweka bandani na wenzake basi wote wanajikuna. Ile dawa ya virusi uliyoweka iliisha muda ukiwa hujamaliza hata mwaka huko. Folda zikawa zinapotea, nyingine zinajizaa mara mbili. Nikawa nakubipu, nawe unapiga.

Sidii yako ya Linux ilifika Juni mwaka jana, imefungwa vizuri, na karatasi ya maelekezo uliyoiandika kwa mkono. Niliiweka juu ya kabati, chini ya vitambaa vya madhabahu ninavyovifua. Ikakaa miezi minane. Ulikuwa unaniuliza, mimi nasema nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Sababu yake nitakuambia, ngoja kwanza nimalize ya mazishi.

Mwezi wa pili alifariki Bibi Nalepo wa Terrat, mama yake Solomoni, yule anayefuga mbuzi weupe. Unamkumbuka bibi, alikuwa anakupa maziwa mgando tukienda kwao. Vijana wake waliniletea wasifu wa marehemu siku ya Alhamisi, kwenye flashi, ili nitengeneze ratiba ya mazishi. Waliandika kwamba ameacha watoto sita, wakataja majina yao. Ijumaa mchana Solomoni akaja mwenyewe kwa miguu, kofia mkononi.

"Mama, tumemsahau Namelok," akasema. "Muongeze. Yule ni wetu."

Namelok hakuzaliwa na Bibi Nalepo. Mama yake alikuwa jirani, akafariki wakati wa kujifungua, na bibi akamchukua yule mtoto akiwa wa siku tatu. Ndiye aliyemuuguza bibi miaka minne, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko. Niliandika "watoto saba", nikaweka jina lake mwisho wa orodha, nikahifadhi ndani ya kompyuta, nikafunga duka nikiwa nimeridhika.

Jumamosi asubuhi folda yote haipo. Nimetafuta, nimezima, nimewasha, hakuna. Gari la kuleta mwili lilikuwa limeshatoka hospitalini na kijana amesimama mlangoni anasubiri karatasi. Basi nikachukua flashi yao, nikakuta ule wasifu wa Alhamisi, nikaupanga haraka na kuchapa nakala mia na hamsini. Haraka haraka haina baraka, maneno ambayo nimewachapia watu ya kuandikwa kwenye khanga za harusi. Mimi, niliyefundishwa chuoni kusoma kila ukurasa mara mbili kabla haujatoka mkononi, sikusoma hata mara moja. Kichwa changu kilikuwa kwenye folda iliyopotea, jina la Namelok halikunijia kabisa.

Derick, unajua wasifu unavyosomwa kwetu. Watu wote wanatulia, hata watoto. Kila anayetajwa anasimama. Mwinjilisti akasoma, "Marehemu ameacha watoto sita," akataja jina la kwanza, la pili, mpaka la sita. Namelok alikuwa amekaa mstari wa mbele pamoja nao, amevaa kitenge kile kile walichoshona wote. Wenzake walisimama, yeye akabaki amekaa. Watu wakamwangalia. Kisha naye akainuka, taratibu, akatoka kwenye ule mstari na kwenda kusimama nyuma na majirani.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilijua papo hapo kosa ni langu. Ningeweza kunyoosha mkono na kusema, "Mwinjilisti, samahani, nimekosea mimi mchapaji." Sikunyoosha. Niliona aibu mbele ya umati ule, nikatazama viatu vyangu mpaka udongo ukaisha kurudishwa. Hilo linaniuma mpaka leo, na sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda Terrat kumwomba radhi. Nilimkuta anaosha masufuria ya msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kigoda.

"Mama Ndeshi, mimi niliisoma ile karatasi kabla ya ibada," akaniambia. "Niliisoma mara mbili. Nikafikiri labda ndivyo walivyokubaliana."

Nilikaa tu nikasaidia kufuta masufuria.

Jumatatu nilishusha sidii yako kutoka kabatini. Nilifuata maelekezo yako mstari kwa mstari: weka, washa, usifute kitu kwanza, angalia tu. Ikawaka yenyewe kutoka kwenye sidii, rangi ya kahawia kama udongo wa shamba letu la Machame. Nikafungua ile diski ya zamani nione kilichobaki. Mwanangu, kila kitu kilikuwa mle! Virusi havikula chochote, vilikuwa vimeficha tu, na mfumo huu mpya haukuona sababu ya kutonionyesha. Wasifu wa Ijumaa ulikuwepo, watoto saba, Namelok wa mwisho. Nilinakili kazi zangu zote kwenye flashi mpya, kisha nikabonyeza pale ulipoandika "hapa usiogope", na Windows ikaondoka.

Nilichapa wasifu upya, nikaupeleka. Solomoni aliwaita ndugu zake, akausoma pale kaburini kwa sauti, tukiwa sisi tu na mbuzi. Safari hii walisimama saba. Namelok aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kifuani. Lakini Jumapili iliyofuata sikumwona kwenye benchi la ndugu zake. Alikaa nyuma, na mpaka leo anakaa nyuma. Karatasi nimeirekebisha mimi, lile la pale makaburini siwezi kulirekebisha.

Basi hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nibadilishe. Wenzako wataipenda, naona. Na mashine kweli imepona. Haijaugua hata siku moja tangu Februari. Wanafunzi wananiletea flashi zilizooza, yenyewe inazitazama tu. Printa inakubali. Hainiiti mwizi. Barua naandika, hesabu za kikundi napanga, hata kadi za kipaimara nimetengeneza zenye njiwa.

Sasa nikuambie kwa nini nilikaa na sidii yako miezi minane. Ile kompyuta ilipokuwa mgonjwa ilichukua dakika saba kuwaka. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Wewe ukipiga ulikuwa unasema, "Mama, zima halafu washa, tusubiri." Katika kusubiri ndipo tulipokuwa tunaongea. Ndipo nilipojua kwamba umejifunza kupika supu ya samaki, kwamba umeanguka kwenye barafu, kwamba kuna binti anaitwa jina nisiloweza kulitamka. Ikishawaka ulikuwa unasema, "Haya, imekaa sawa," na simu inakatika.

Kwa hiyo niliogopa isije ikapona. Na nisamehe, kuna siku tatu haikuwa na tatizo lolote nikakubipu. Moja ya siku hizo nilichomoa mwenyewe waya wa kipanya. Ulihangaika nao karibu saa nzima, ukaniuliza mpaka mambo ya umeme, mimi nakujibu kwa upole kabisa, waya nimeushika mkononi. Ulikuwa umetoka kazini, nilisikia ulivyochoka. Nilijiona mbaya, lakini nilifurahi.

Hii mpya inawaka kabla sijavaa miwani. Tangu Februari hujapiga. Sikulaumu, hakuna aliyekuambia kwamba kuna kitu kimeharibika. Jioni nafunga duka, napika ndizi za mtu mmoja, naweka simu mezani kando ya sahani. Nyumba ina vyumba vitatu nami natumia kimoja na nusu. Nina upweke, Derick. Nimeshaliandika, sitalifuta.

Jambo la mwisho, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Baada ya lile la Terrat nilianza kufikiria wasifu wangu mimi. Nani atauandika? Sikuolewa, sikuzaa. Mdogo wangu Lydia alipofariki, wewe ulikuwa na miaka minne, nikakuchukua na kale kablanketi kako ka bluu. Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini kwenye mazishi hawasomi methali, wanasoma majina. Ninyi vijana hamjui kukaa na karatasi, nami nimeona jinsi mtu anavyosahaulika kwa haraka tu, bila ubaya wowote.

Kwa hiyo nimeuandika mwenyewe, kwenye hii Linux yako, na safari hii nimeusoma mara mbili. Upo kwenye folda yenye jina langu, haujafichwa. Nimeandika shule, kazi, ubatizo, kwaya. Nilipofika pale kwenye watoto nilikaa siku mbili. Kisha nikaandika: "Ameacha mtoto mmoja, Derick." Sikukuuliza kwanza. Mbele ya watu umeniita Mama Mkubwa miaka yote, na ni haki yako, Lydia ndiye mama yako, nami sitaki kumpokonya marehemu kilicho chake. Kama nimekosea kuandika hivyo, niambie sasa nikiwa hai nirekebishe. Nisingependa mtu asome jina lako halafu wewe ubaki umekaa.

Mjomba wako Ephraimu anakusalimu kutoka Machame, anasema kahawa mwaka huu imemhurumia kidogo. Mama Princess wa duka la jirani anakusalimu sana, bado anauliza kama umeoa. Solomoni naye, na Namelok, ambaye alinisaidia kupalilia bustani juzi na kuniuliza habari zako. Msalimie huyo binti wa jina gumu, na mama mwenye nyumba.

Mungu aliyekulinda ulipokuwa unalala mgongoni kwangu akulinde na huko kwenye barafu, akupe afya, kazi, na watu wa kula nao.

Wako akupendaye siku zote,

Ndeshi,
Mama yako Mkubwa.

Nimesahau kitu. Kompyuta ni nzima kabisa, waya zote ziko mahali pake. Piga hivyo hivyo.