Mwambie Daktari Habari ya Majani

Doha

Mama mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka huku kwenye jua lisilopumzika. Mgongo unaendeleaje? Na Baba, kile kikohozi kimemwachilia? Mvua imerudi Birongo? Mimi ni mzima.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi husema tu "niko sawa," kisha unaniuliza kama nimekula. Kerubo ameniambia yote, na usimgombeze dada yangu. Kumbe siku za kuchuma chai ulikuwa unairuka ile dawa ya presha ya kutoa maji mwilini, kwa sababu inakukojoza kila saa na huwezi kuacha majani ukakimbilia kichakani watu wakiona. Daktari wa kliniki akakuuliza kama unameza dawa, ukajibu, "Ndiyo, daktari." Ni rika la kaka Ombati, ungemtajiaje mkojo? Basi akaona presha haishuki, akaongeza nyingine kali. Wiki ile kiwanda hakikuchukua majani ukakaa nyumbani, ukazimeza zote, ukaanguka jikoni. Sasa umeogopa, umeziacha kabisa. Tangu nisikie hivyo sipati usingizi.

Sikulaumu. Hapa nasimama mlangoni mwa jengo la maduka nikikagua mikoba ya wanawake, na nikibanwa hakuna wa kunishikia nafasi. Nikaacha kunywa maji, mpaka kiuno kikaanza kuniuma. Hospitalini nikapewa vidonge vya kunywa na maji mengi, nami nikavimeza vikavu. Niliporudi, daktari, mwanamke wa Sudan, hakuuliza kama nameza. Alisema, "Weka dawa zote mezani. Halafu nieleze siku yako, tangu unapoamka." Nilieleza huku nalia. Hakunifokea. Alinipangia saa nyingine za dawa, akaongea na msimamizi wangu nipewe nafasi ya kutoka.

Mama, usingoje tarehe ya kadi. Jumatatu uende kliniki Nyamira, Kerubo akushike mkono. Beba dawa zote kwa mfuko, hata zile ulizogawiwa na jirani. Kiswahili kikikukwama sema kwa Ekegusii, Kerubo atamweleza daktari. Mwambie habari ya mkojo, ya majani, na ya kuanguka. Pengine atahamisha saa, pengine ataondoa ile kali. Hayo ni yake kuamua, si yetu, lakini atapimaje asichoambiwa? Najua kwetu mtoto hamzungumzii mama mambo haya. Lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mficha uchi hazai, na ulizaa sita.

Nisalimie Baba, Ombati na mkewe, na shangazi anayekuombea kila Sabato. Kerubo mwambie asante, mzigo wote ameubeba yeye.

Hapo juu nimeandika kwamba ni mzima. Si kweli, Mama. Nimechoka. Miguu imevimba, na kuna siku nalia chooni kwa kukukumbuka. Sikutaka ujue.

Umeona, nimesema. Sasa na wewe ukaseme.

Ni mimi binti yako,
Kemunto