Upande wa Pili wa Michongoma

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeanza kazi ya bustani. Nimepima bustani nyingi, lakini hii niliijua kabla sijajua kusoma. Manispaa inataka kuipanga upya, na imetuomba sisi wa chuo tuchunguze kwanza: nani anakaa wapi, miti ipi ibaki, watoto wacheze upande gani. Profesa hakumaliza kuuliza nani ataiongoza kazi hii, mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.

Nimeingia kwa lango kubwa – si kubwa tena. Nyasi zimekatwa asubuhi, harufu ileile. Nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Pale, mbele ya ua mrefu wa michongoma, ndipo Baba alipoweka kamera yake ya sanduku miaka yote ya utoto wetu. Miguu mitatu, kitambaa cheusi, ndoo ya kuoshea picha. Mimi nilishika shuka jeupe la kurudisha mwanga. Dada aliwachana wateja nywele na kuwafunga vifungo. Baba alikuwa akisema, “Cheka kidogo, usimalize meno yote, ubakishe ya harusi.” Wateja walicheka, naye akafyatua.

Ua bado upo. Umenizidi kimo mara mbili. Nimeugusa, ukanichoma. Tumesalimiana.

Jumatano, 5 Machi

Mwenzangu kazini tunamwita Miwani, maana anazo mbili, moja usoni na moja kichwani. Tunazunguka bustani na ramani, tunatia nukta kwa kila mtu aliyekaa: bluu wanawake, nyekundu wanaume, njano watoto. Kufikia jioni upande wa lango ulikuwa umetapakaa rangi zote. Nyuma ya michongoma – nukta nyekundu chache, basi. Na huko ndiko kwenye kivuli, kwenye bomba la maji, kwenye mabenchi mazuri ya mawe.

Nikasema labda watu hawajui kama kuna kivuli. Miwani akaniambia wanaungua jua huku wakikitazama.

Njiani kurudi nimemkumbuka bwana harusi aliyekuja kupiga picha peke yake, kwa kuwa bibi harusi aliona haya. Baba akamwambia aache nafasi ya mtu mmoja kushoto kwake. Siku ya pili bibi harusi akaja, akapigwa ya kwake, akaacha nafasi kulia. Baba akaziunganisha. Nilidhani baba yangu ni mchawi, tena wa wema.

Ijumaa, 7 Machi

Mahojiano. Nesi mmoja anayekatiza bustanini kila siku kwenda zamu ameniambia hupita njia ya jua, ingawa ni ndefu. Kwa nini? Akainua mabega: “Kule ukipiga kelele, nani atakuona?” Mama mwenye mapacha akasema karibu hayohayo. Msichana wa chuo naye – kwamba rafiki zake wote wanajua, hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Miwani ana jibu tayari. Ua ukatwe hadi kiunoni, matawi ya chini ya miti yapogolewe, mabenchi yageuzwe. Mtu hupenda mgongo ukingwe na macho yaone mbali, hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Nalifundisha mimi mwenyewe.

Nikamwambia ua ukikatwa kiunoni si ua tena, ni kisiki chenye majani. Sauti yangu ilipanda. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, kama mtu anayetafuta alichokosea.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Mama. Tumetoa picha kutoka kwenye sanduku la bati, tukazitandaza kitandani. Mji mzima uko pale. Fundi cherehani na suti aliyoshona mwenyewe. Mapolisi wawili wameshikana mikono kama watoto. Mimi, bila meno ya mbele, nimeshika mwavuli wa mtu. Na nyuma ya kila mmoja, majani yaleyale.

Mama anasema kwa majani hayo mtu angedhani Baba alikuwa akiota mji huu ukiwa wa kijani mtupu. Tumecheka mpaka akashika mbavu.

Dada amepiga simu. Anakuja Alhamisi, mara ya kwanza tangu mazishi ya Baba. Nikamwambia nitampeleka bustanini. Akauliza kama Mama anakunywa dawa zake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika rasimu ya mapendekezo. Ua ubaki kama ulivyo. Nimeuita urithi wa mji, kumbukumbu ya jamii, utambulisho. Nimeongeza taa mbili na ubao wa maelezo wenye picha ya Baba kazini. Maneno yalikuja yenyewe, matamu kama ya mchumba.

Miwani alisoma yote. Akauliza kitu kimoja tu: “Haya ni matokeo, au ni wewe?”

Nikairudisha rasimu mkobani, nikaondoka. Nimemchukia mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Dada amefika asubuhi. Ana mvi, anazivaa vizuri. Jioni nikamburuta bustanini. Alifurahi langoni, akanionyesha tulipokuwa tukichezea kombolela, akacheka. Tulipokaribia michongoma akaanza kutembea upande wangu wa kulia, mimi kati yake na ua – kama mtu anayemweka mwenzake kati yake na mbwa. Nikaona. Nikamwuliza.

Tumekaa benchi la jua. Amesimulia akitazama viatu vyake.

Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na Baba kuchota maji ya kuoshea picha, kule nyuma, bombani. Kulikuwa na mwanamume mzima aliyezoea kukaa benchi la mawe. Kwanza salamu. Kisha maneno. Siku moja akamshika mkono, akambana kwenye ua, akamziba mdomo. Dada akamng’ata, akakimbia. Miiba ilikuwa imemchana mgongoni. Alimwambia Baba usiku ule.

“Akasema nini?” nikauliza.

“Akasema hatachota mtu maji tena ila yeye. Basi. Asubuhi akaiweka kamera palepale.”

Hapo nikakumbuka! Kweli Baba alianza kuchota maji mwenyewe. Wateja wakisubiri, yeye anaweka kamera, anachukua ndoo, anazunguka. Nilikuwa nikimtania kwamba amegeuka mtumishi wa watoto wake. Miaka yote nimeihesabu hiyo ndoo kama upendo. Bado ni upendo, nadhani. Lakini upande wa huku, mita chache tu, mimi nilikuwa nimeshika shuka langu jeupe, nina furaha kuliko mtoto yeyote mjini.

Dada alisimama, akakung’uta gauni. Akasema, “Mimi usiniandike kwenye ripoti yako.”

Nimemwahidi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwuliza Mama, Dada akiwa amelala. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alijua. Wateja walitaka majani nyuma yao, akasema, na Baba hakuwa na pengine pa kwenda. “Ule ua ulitulisha, mwanangu. Lakini baba yenu hakuusifia tena ndani ya nyumba hii.”

Nimefuta rasimu. Sijaandika nyingine. Nimempigia Miwani kumwomba radhi, naye akajifanya hakumbuki tuligombana. Mtu mwema.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika haya nikiwa kikaoni, daftari pajani. Manispaa imefunga turubai bustanini, wananchi wamejaa. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye sauti ya kengele.

Nimekuja na mapendekezo mapya. Nukta za Miwani, maneno ya nesi, ya mama wa mapacha, ya yule msichana. Ua hadi kiunoni. La Dada halimo.

Kinyozi mstaafu ndiye aliyeanza. Amekuja na picha yake ya harusi kwenye fremu – kazi ya Baba, naijua kwa mwanga wake. Amesema aliyepiga picha hii alikuwa msanii, na kuukata ua ule ni kumzika mara ya pili. Watu wamepiga makofi. Wengine wamegeuka kunitazama, wanajua mimi ni binti wa nani. Nusu yangu ilikuwa inapiga makofi pamoja nao.

Nilimwacha Dada nyumbani na Mama. Lakini yule pale, safu ya nyuma, karibu na nguzo. Sikumwona akiingia.

Mwenyekiti ameniita nitoe matokeo. Nimesimama, karatasi mkononi. Kisha nikaona mkono wa Dada uko juu. Hautikisiki. Mwenyekiti anasema maswali baadaye, mama, wataalamu kwanza.

Nimesema, “Naomba aanze yeye.” Nimekaa.

Dada anapita katikati ya viti. Watu wanavuta miguu kumpisha. Amekataa kipaza sauti. Hatazami mtu, anatazama michongoma, na anasema, “Huyo mpiga picha alikuwa baba yangu, na nilimpenda. Sasa nisikilizeni –”