Uzi wa ndege, uzi wa treni

Jumapili, katikati ya Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua likatoka kana kwamba lilikuwa limejificha tu nyuma ya mlango. Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nipo dukani kwangu hapa Ujiji na mikono haitulii. Nimekata kitambaa vibaya mara mbili, mimi fundi cherehani wa miaka thelathini kazini. Nimeweka mkasi pembeni niandike kwanza. Labda nikiandika nitatulia.

Treni imeshinda.

Naeleza kwa asiyejua. Jumapili ijayo timu yetu ya mpira inacheza ugenini, Tabora. Leo wanachama tulikutana kwenye darasa la shule kuamua kama iende kwa ndege au kwa treni. Tangu msimu uliopita, tulipopata mfadhili, timu imekuwa ikipanda ndege kwa kila mechi ya mbali. Mfadhili ni mtu mwema, na amesema ataheshimu uamuzi wowote, ila anapenda ndege kwa sababu picha za wachezaji kwenye ngazi za ndege hutoka vizuri.

Aliyeomba jambo hili lijadiliwe upya ni katibu wetu, mwalimu Stella. Anasema kila masika tunapanda miti shuleni na kuwafundisha watoto kwamba moshi wa mafuta unaongeza joto duniani, kwamba hata ziwa letu linapata joto na samaki wanapungua. Halafu timu yenye picha ya mgebuka, samaki wa ziwa hilo hilo, kifuani inaruka angani kwenda mahali ambapo reli inafika.

Hiyo migebuka ya kifuani naishona mimi. Namba za mgongoni pia. Lakini mkutanoni sikuwahi kusema neno. Msemaji wa nyumba yetu alikuwa Mwajuma, mke wangu.

Mwezi huu imetimia miezi saba tangu atutoke.

Mwajuma aliifuata timu kwa treni miaka mingi, yeye na wenzake, na ngoma mbili. Alirudi na chumvi ya Uvinza amefunga kwenye pindo la khanga. Mechi aliisimulia kuanzia chakula. Nikimuuliza tumeshinda au tumefungwa, ananiambia kwanza samaki waliouziwa Nguruka dirishani, halafu watu wa Kaliua walivyotoka kuwapokea na kutaka kumwona golikipa kwa macho yao, halafu Urambo, na mabao yanakuja mwisho kabisa, chai ikiwa imeshapoa. Katika vituo vile watu waliijua timu yetu kwa majina. Watoto walikimbia sambamba na behewa.

Ndege haisimami Uvinza.

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Msimu uliopita, siku ya kura, mimi niliinua mkono wangu kwa ajili ya ndege. Mwajuma alikuwa amekaa karibu yangu na mkono wake ulibaki mapajani. Aliutazama wangu. Watu walidhani nawahurumia wachezaji. Haikuwa hivyo. Nilijua timu ikipanda ndege mashabiki hawatasafiri, na mke wangu atalala nyumbani. Nilikuwa nimechoka kula peke yangu siku nne kila anapoondoka.

Na kweli alibaki. Msimu mzima alisikiliza mechi za ugenini redioni, ameketi kwenye stuli hapa karibu na cherehani, akinishikia upindo wa nguo. Bao likiingia aliuvuta upindo na mshono ukaenda upande. Hatukujua kuwa ndio msimu wake wa mwisho. Kwa hiyo kura ile ilinipa mimi Jumapili nyingi pamoja naye, na yeye ikamnyima safari zake. Nimejaribu kujuta.

Najuta nusu tu.

Basi Jumatano nilikuwa namalizia sare za shule, macho yakaenda kwenye kalenda ukutani, ile yenye ramani ya nchi. Katibu alikuwa ameshatueleza kwamba wiki ya mechi hakuna ndege ya kutoka hapa kwenda Tabora moja kwa moja. Timu ingekwenda kwanza Dar es Salaam, ilale huko, kesho yake ipande ndege nyingine kurudi Tabora. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia lakini hayakuwa yameniingia. Mimi kitu hakiniingii mpaka nikipime.

Nikachukua uzi wa bluu, nikaulaza juu ya mstari wa reli kutoka Kigoma hadi Tabora, nikakata. Nikachukua mwekundu, nikaanzia Kigoma, ukapita juu ya Tabora yenyewe, ukaenda hadi baharini, ukageuka ukarudi Tabora. Nikakata. Uzi wa bluu unaingia mara nne ndani ya mwekundu, na kipande kinabaki.

Niligeuka kumwonyesha Mwajuma. Bado huwa nageuka.

Leo nilikwenda na nyuzi hizo kwenye mfuko wa shati. Darasa lilijaa, wengine wamekaa madirishani, na salamu za mwakeye zilipita huku na huku mpaka mwenyekiti akagonga meza. Kocha alianza. Naye sina la kumlaumu, alisema kweli tupu. Mchezaji akikaa usiku mzima kwenye kiti, mgongo unakaza na miguu inavimba. Masika haya mvua inaweza kukata reli, tukakwama porini na mechi ikatupita. Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Nikaanza kuona tumeshindwa. Mwingine akaongeza kwamba kujinyima hakuna maana, ndege itaruka hata tusipopanda.

Mama Tabu, muuza migebuka aliyekuwa akisafiri na Mwajuma, alimjibu akiwa amekaa hapo hapo: "Na treni nayo itaondoka hata tusipopanda."

Darasa zima likacheka, mpaka kocha. Katibu akauliza nani mwingine. Mimi sikumbuki kusimama. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama.

Nilitoa nyuzi nikaziinua, moja mkono huu, nyingine mkono huu, nikaeleza ramani. Sauti yangu ni ndogo, lakini nyuzi hazihitaji sauti. Mtu wa nyuma akasema hiyo ni sawa na kutoka Ujiji kwenda Mwandiga hapo jirani kwa kupitia Bujumbura. Wakacheka tena. Kisha kijana mmoja wa vijiweni akanirushia swali, na hakuwa anatania sana:

"Kwa hiyo mzee, sisi ndio tuliolijaza ziwa?"

Kila mtu pale alielewa anasema nini. Wote tumeona maji yalivyopanda miaka hii, yakala njia, masoko ya dagaa na nyumba za watu. Nilitaka kusema ndiyo, maana ndiyo ingenisaidia. Lakini sijui. Nimesoma mpaka darasa la saba na hesabu ya moshi sikufundishwa.

"Sijasema hivyo, mwanangu," nikamwambia. "Ziwa kujaa kuna sababu nyingi. Nasema uzi wetu ni mrefu bila sababu. Na mwaka jana mkono wangu ulikuwa wa ndege. Leo naubadilisha."

Nikakaa. Mama Tabu aligeuka akanitazama kwa muda. Sababu ya mkono ule wa mwaka jana sikuitaja pale. Nimeitaja hapa.

Halafu akasimama Amisi, kapteni. Babu zake walivuka kutoka Kongo, yeye amezaliwa Ilagala, karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani. Anaipenda ndege kuliko wenzake wote na hugombania kiti cha dirishani, kwa hiyo nilijua anakwenda kunimaliza. Aliwaamkia wazee, akapangusa uso kwa jezi.

"Siku ya kwanza kupanda ndege nilikaa dirishani nione kwetu," alisema. "Nikauona mlango wa mto, nikauandama. Pale ilipokuwa nyumba ya mama ni ziwa tupu. Nimepewa juisi, nimeishika. Sikuinywa."

Akasema pia kwamba miguu ni yake na anajua kuinyoosha. Tuondoke Alhamisi, tufike Ijumaa, Jumamosi walale mpaka watosheke, Jumapili wacheze. Mvua ikikata reli, tutakuwa na siku mbili za kutafuta mabasi. Mawingu nayo, akasema, yamewahi kuzuia ndege. Kocha alikuwa akiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Nilimwona.

Kura thelathini na moja kwa ishirini na sita.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Sijui niliuinua kwa ajili ya ziwa, au kwa ajili ya Mwajuma, au kwa sababu nilitaka tu kujua mkono unajisikiaje ukiwa upande ule. Nadhani vyote vilikuwemo. Watu walipiga makofi, ngoma moja ikatokea sijui wapi, na mimi mtu mzima wa miaka hamsini na nane nikapiga meza ya mwanafunzi mpaka kiganja kikauma. Waliokuwa upande wa ndege walikuwa wakitutania mlangoni, wanasema tukifungwa Tabora wataninyang'anya nyuzi zangu wanifunge nazo mdomo. Nikawaambia wachague rangi.

Nje kocha alinishika bega.

"Mzee Fundi, umenishinda kwa uzi. Sasa utanishonea kwa uzi huo huo. Nataka mito ya shingo, ishirini na mbili. Shingo za vijana wangu zikikaza, nakudai wewe."

Nimekubali bila kupiga hesabu ya siku. Vipande vya vitambaa ninavyo magunia mawili, sufi nitapata sokoni kesho asubuhi. Watalala na maua ya vitenge, beki wetu mkubwa nimemtengea wa waridi. Mto wa kwanza ndio huu niliouharibu mara mbili. Sasa nimeuona vizuri, kosa lilikuwa kwenye mduara, ulikuwa mdogo kama wa mtoto.

Na kuna jambo jingine, ndilo hasa lililonifanya nikate vibaya. Nilipokuwa nafungua duka Mama Tabu alipita na daftari la mashabiki wanaosafiri. Hakuniuliza chochote. Alinionyesha tu ukurasa, jina langu lilikuwa limeshaandikwa, la saba kutoka juu, kwa wino. Nikamwambia mimi reli hiyo sijawahi hata kufika nayo Uvinza. Akasema anajua, Mwajuma alikuwa akinisema njia nzima, kuanzia kituo cha Kigoma mpaka wanashuka. Nikamuuliza alikuwa akisema nini. Akasema nitaambiwa nikiwa kwenye behewa, si hapa.

Alhamisi! Siku nne. Mito ishirini na mbili, na kila nikikanyaga cherehani nasikia kama mwendo wa magurudumu, nacheka peke yangu. Nimefunga sanduku nimelifungua mara tatu. Suruali moja ina kiraka, nyingine niliikata upindo mwaka juzi sikuwahi kuumalizia, na kanzu ni ya Idi. Miaka thelathini nimewashonea watu nguo za safari.

Mimi nitavaa nini?