Kofia la Shangazi Nellie na Mkono wa Kulia wa Babu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipoketi kwenye kiti chako cha jikoni na usiinuke tena. Mama bado anapika chai ya watu wawili. Kikombe cha pili anakimwaga kwenye sinki, na tukimtazama anatuambia tushughulike na yetu.

Mjini Stockport walikujua kama Desmond Entwistle wa dukani kwa dobi. Wiki nzima ulipiga pasi nguo za watu, na Jumamosi watu hao hao walikuletea nyumbani makoti ya vita ya baba zao na wajomba zao, uwaambie walikuwa askari gani. Ulifuta makombo mezani, ukavaa miwani, ukanusa ukosi wa koti. Hatukuwahi kujua ulinusa nini. "Usitafute unachokitaka," ulimwambia kila mgeni. "Tazama kilichopo."

Nasi tulijifunza kwa kukaa karibu nawe. Nembo ya farasi arukaye ilishonwa mikono yote miwili, na waliivaa wote wa ile divisheni ya jeshi iliyopelekwa vitani kwa ndege, hata mpishi na karani. Lakini mwavuli wenye mabawa ulikaa mkono wa kulia tu, juu karibu na bega, na aliuvaa yule aliyefuzu kuruka kwa mwavuli kutoka ndegeni. Nembo ikiwa imebanduliwa, ulipindua mkono wa koti nje ndani, ukatuonyesha matundu ya sindano na kitambaa ambacho hakikupauka.

Unakumbuka ile Jumapili ya kuwakumbuka mashujaa wa vita, mwenzako Clifford alipokuja kanisani kifua mbele na koti la marehemu baba yake?

"Clifford, mabawa umeyashona wapi?"

"Si mkononi?"

"Mkono upi, ndugu yangu? Huo ni wa kushoto! Mzee wako akikuona atafufuka aje akuchape."

"Mke wangu ndiye aliyeshona."

"Usimsingizie mke wako. Hebu vua."

Ukatoa sindano uliyoichomeka nyuma ya ukosi wako, ukafumua na kushona upya nyuma ya kanisa, huku bendi imeshaanza kupiga. Siku ya mazishi yako Clifford alilia kuliko sisi.

Makoti ya wenzako uliyasoma yote. La baba yako hukuliona, maana Babu Harold alikufa vitani Uholanzi miezi miwili kabla hujazaliwa, akazikwa huko huko. Ulichokuwa nacho ni picha moja ya harusi yake, amevaa sare. Mkono wa kushoto unaonekana vizuri, farasi wake yupo. Wa kulia umefunikwa na kofia la shangazi yako Nellie, pana kama ungo. "Mungu amrehemu shangazi," ulikuwa ukisema, "lakini lile kofia!"

Jirani yetu Percy alikuchokoza miaka na miaka. "Harold aruke? Harold alikuwa anawamenyea viazi!" Ulicheka naye. Kisha ulirudi ndani, ukaipeleka picha dirishani na kuiinamisha huku na huku, mtu mzima mwenye mvi, kana kwamba kofia lingesogea. Ulidhani hatukuoni. Tulikuona, Baba, na ilituuma.

"Des, iache," Mama alikuambia siku moja. "Awe mpishi, awe mrukaji, alikufa akiwa mume wa mama yako."

"Najua, mpenzi. Nataka tu kumjua kidogo."

Machi mwaka huu alikuja Marjorie wa Rochdale, mjukuu wa Shangazi Nellie. Alikuwa akisafisha nyumba ya bibi yake, akakuta picha chini ya vifungo kwenye kopo la biskuti. "Hii iliharibika," alisema, "ndiyo maana haikutundikwa. Ila nimeona niwaletee."

Ni harusi ile ile, ngazi zile zile za kanisa. Upepo umelichukua kofia. Shangazi Nellie amelikimbilia, amekwishatoka pembeni mwa picha, kimebaki kiatu chake kimoja tu. Bibi, mama yako, anacheka hadi amefumba macho. Na Babu Harold ameunyoosha mkono wake wa kulia, anaonyesha kofia linakokwenda.

Hatukuipapia. Mama alifuta makombo mezani, akavaa miwani yako, akachukua kioo chako cha kukuzia. "Tusitafute tunachokitaka," alisema. Mwanao Keith alimshikia taa. Mama alitazama muda mrefu, akampa bintiyo Lorna, Lorna akampa Keith, kisha tukalia sote pamoja na Marjorie, ambaye hakujua tunalia nini.

Laiti lile kopo lingefunguliwa mapema. Tulikutaka wewe ukae kwenye kile kiti, utazame, utukane kofia, ucheke. Furaha hii ilikuwa yako, na sisi tumeipokea kwa niaba yako tu. Ndiyo maana bado inatuwia nzito.

Jumapili tutakuja kaburini na picha, na Percy ameomba aje. Anasema ana neno la kukuambia mwenyewe, kofia yake ameivua kwa heshima.

Unakumbukwa na mkeo Beryl, wanao Lorna na Keith, mjukuu wako Tamsin ambaye sasa ndiye mwenye sindano yako, Marjorie wa Rochdale, Clifford, na wote waliokaa Jumamosi kwenye meza yetu. Maadamu tupo, hutasahaulika.

Yapo, Baba. Mkono wa kulia, juu karibu na bega. Mabawa yapo.