Natibiwa kwa Vita vya Shemeji Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mimi ni mzima wa afya na hilo ndilo linaloninyima raha.

Ni fundi cherehani, na kaka wa mke wangu, sajini mstaafu, anaishi chumba cha uani kwetu, na tangu arudi vitani hulala ameketi kwenye kiti kinachotazama mlango. Hospitali ya wanajeshi ikamwandikisha kutibiwa kwa simu ya video, daktari anauliza kila kitu, usingizi, mwili, ndoa, marafiki, lakini shemeji akasema sajini haonekani na mtu akiwa hoi, akanipanga mimi zamu. Nikamwambia shemeji, mimi hata paka sijawahi kumpiga, akanijibu, "Hii ni amri, siyo mjadala," basi nikavaa koti lake la jeshi, nikalibana mgongoni kwa pini, nikaketi mbele ya simu, naye akasimama nyuma ya simu na chaki yangu ya kukatia nguo, ananiandikia majibu kwenye kitambaa cheusi.

Daktari akiuliza usingizi, anaandika SAFI. Mgongo, SAFI. Hasira nyumbani, SAFI, ila siku hiyo mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo akasema, "Mwongo huyo," daktari akasikia, akamwita naye aketi, na tangu hapo hatujanuniana. Mazoezi ya mgongo, aliyonipa daktari baada ya kuona ninavyoketi nimepinda, yamenikunjua, nakata nguo kutwa nzima bila kuguna, na wateja wanasema nimekuwa mpole mpaka wananitilia shaka.

Kikao cha sita daktari akauliza, "Ni nani unayemkumbuka zaidi?" Kitambaa kikabaki cheusi. Nikangoja, nikaona aibu kunyamaza, nikamtaja marehemu kaka yangu aliyenifundisha kushona, nikalia kama mtoto, na nilipoinua macho shemeji alikuwa amekaa sakafuni, chaki imevunjika mkononi, machozi yanamtiririka, wala hakula siku hiyo.

Sasa daktari anasema nimepona, Alhamisi ni kikao cha mwisho, faili linafungwa, tena anataka nikawatie moyo askari wenzangu. Shemeji amenipongeza kwa utendaji mzuri, na bado analala kwenye kiti. Nikisema ukweli namvunjia heshima, nikinyamaza nimemmalizia matibabu yake. Nifanyeje?

Fundi Aliyepona

JIBU

Fundi, hongera kwa mgongo. Sasa tusikilizane.

Askari wenzako utawaeleza nini, jinsi ulivyojeruhiwa na sindano? Mmemdanganya daktari wa watu vikao vyote hivyo, watu wazima wawili, kwa chaki na pini, na mke wako akiwa ndiye pekee aliyesema kweli. Nimecheka, sikatai, kisha nikakasirika, kwa sababu wewe umekula dawa na mwenye homa anakutazama.

Lakini soma tena barua yako. Huyo anayekataa kutibiwa hajakosa kikao hata kimoja. Amevisimamia vyote kwa miguu yake, amesikia kila neno, na swali la kikao cha sita lilimpata yeye kabla yako. Mgonjwa amefika zamani, fundi, ni simu tu inayotazama upande usio wake.

Kwa hiyo usimsemee kwa daktari, wala usingoje Alhamisi. Leo hii vua koti lake, toa pini zako, mkabidhi. Usimwambie anaumwa, hilo atalikataa. Mwambie zamu yako imekwisha na hakuna mwingine wa kukupokea. Sajini hawezi kuacha lindo tupu, analijua hilo kuliko mimi na wewe. Daktari ataelezwa ukweli na ninyi wawili kwa pamoja, atagomba kidogo, mstahimili, mmeyataka wenyewe.

Alhamisi ikifika mkalishe kwenye kiti chake hichohicho anacholalia, mbele ya simu. Wewe simama nyuma ya simu alipokuwa anasimama yeye, na chaki yako. Na daktari akimuuliza ni nani anayemkumbuka, usiandike chochote.