Mashini Yako Ilibaki Namba Mbili

Mpendwa mkwe wangu Wafula, baba Nekesa,

Ni mimi, mama ya Nyokabi, huyu wa Riruta. Kalamu ameshika Nyokabi mwenyewe, mke wako, kwa sababu unajua mimi sikusoma. Mwanzo alikataa. Akaniambia, "Mama, mtu ameshaenda, barua utatuma wapi?" Nikamwambia wewe andika, mambo ya posta niachie. Sasa anaandika, lakini amenuna.

Nataka kukuambia ile mashini yako ya Westlands imetolewa. Usishtuke, imetolewa na heshima. Nyokabi ndiye alipewa hiyo kazi, na ameizungusha tangu mvua ianze: leo kichwa inauma, kesho ati funguo ya kabati imepotea. Mkubwa wake akamwambia kama hawezi, apewe mtu mwingine. Hiyo pia akakataa. Mtu mwingine aguse kitu Wafula alifungua na mkono yake? Kwa hivyo akakaa hapo katikati, hazimi na haachii wengine wazime. Nikaona huyu mtoto atafutwa kazi nikiangalia.

Lakini wacha nirudi kwa ile Jumapili ya kwanza, kwa sababu wewe ulikuwa upande wa Westlands na mimi nilikuwa town, hukuona vile nilikuwa nimekaa.

Tulikuwa tumetoka kanisa. Nimevaa viatu mpya ya River Road, yule muuzaji aliniapia ni ngozi, kumbe ni karatasi imepakwa rangi, mvua moja tu ikafunguka mdomo. Lakini hiyo siku ilikuwa bado inang'aa. Tulikuwa twende kwa dada yangu pale nyuma ya Adams Arcade tukule. Simu ya Nyokabi ikalia, ni wewe. Nyokabi akasema, "Mama, tupitie ofisi kidogo tu." Hiyo kidogo yenu watu wa kompyuta mimi naijua.

Chumba ilikuwa baridi kama Limuru mwezi wa saba. Nikakalia katoni yenye switch, ndiyo hiyo mashini, ilikuja nayo, nikajifunga shuka, nikangoja. Nyokabi alikuwa amenielezea hiyo kazi. Ofisi iko na stoo mbili za mafaili, moja town, moja Westlands, ndio moja ikiharibika ingine ibaki nazo. Stoo ziko na waya yao wenyewe ya kuongea, lakini hiyo waya haifiki mbali. Kwa hivyo mnachukua ile barabara ya kawaida yenye inabeba mambo ya kila mtu, na ndani yake mnatengeneza tunnel, mafaili yapite humo bila kuchanganyika na wengine. Hapa mimi nilisema bomba, Nyokabi anasema hapana, ni tunnel. Haya. Mlango wa tunnel ndio port. Na port ikitoka kwa katoni imefungwa. Lazima mtu aiambie: wewe ni wa tunnel, address yako ni hii, mwenzako wa ng'ambo ni yule. Ndio aifungue. Na ng'ambo mtu afanye vile vile, maneno yafanane. Ukifungua peke yako ni kazi bure.

Na wakati huo, Wafula, ulikuwa umetuma neno kwangu, unataka kuja na wazee wako. Nilikuwa nimenyamaza. Sijasema ndiyo, sijasema hapana. Bungoma niliona ni mbali, na uso wako sikuwa naujua.

Nyokabi akaweka simu sauti itoke nje, akanipa nishike ndio mikono yake ibaki kwa kompyuta.

"Port yangu iko wazi," akasema. "Yako?"

"Yangu pia. Address umeandika ile tulikubaliana?"

"Nimeshakusomea, Wafula."

"Soma tena. Unasomanga vizuri."

Nikakohoa, ndio ujue kuna mtu na mama yake hapo. Ukauliza, "Nani huyo?"

"Ni mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu."

Ukasema pole pole, kama mtu anavua kofia, "Habari ya Jumapili, mama." Nikakujibu ni nzuri. Tangu hapo ukaanza kuongea kama mtu anasoma habari kwa redio.

Taa ilikuwa inawaka, tunnel imeshika, lakini switch zenu zimekataana ndani. Mkaangalia waya, mkaangalia address, mkarudia. Mimi njaa inanikula, nafikiria chapati za dada yangu. Ndio Nyokabi akauliza, "Wafula, yako umeipea namba ngapi?"

"Mbili."

Nyokabi akaweka mikono chini. "Mbili ni yangu."

"Aje yako? Si nilikuachia moja?"

"Na mimi ndiye nilikuachia moja."

Baadaye ndio nilielezwa. Hizo switch zote zikitoka kwa katoni zinajiita namba moja, na lazima mmoja wenu abadilishe yake, ni kazi, mpaka uizime kwanza. Sasa kila mtu alitaka kumpunguzia mwenzake kazi. Ukabadilisha yako bila kusema, akabadilisha yake bila kusema, zikafanana tena. Kwetu nyumbani tuko na Wanjiku watatu, wote wa nyanya mmoja, na hakuna vita. Huyu ni Wanjiku wa duka, yule Wanjiku wa Ngong, yule mrefu. Lakini mashini haina hiyo akili. Zikikutana na namba sawa, hazisalimiani.

Mkaanza tena. "Wacha nirudishe yangu." "Hapana, wacha mimi." "Umekaa huko tangu asubuhi, Wafula." "Na wewe hujakula." Nikaangalia msichana wangu, huyu hajawahi kuniachia hata kipande ya mwisho ya nyama. Nikajua basi, imeisha.

Nikaleta simu kwa mdomo. "Wewe Wafula. Ya Nyokabi irudi moja, yako ibaki mbili. Na Jumamosi kuja nyumbani na wazee wako."

Ukauliza, "Sawa mama. Nikitoka hapa nikimbie kuwaambia, ama tumalize kwanza?"

"Malizeni, na mharakishe. Chapati zinapoa."

Ulikuja. Ukakaa kwa kile kiti cha mlangoni, hukunipa mkono, ati kwenu mkwe hamgusi mama wa bibi yake. Niliona ni maringo mpaka nikaelezwa. Miaka yote hiyo tukawa tunasalimiana kwa mbali, mimi jikoni, wewe mlangoni, na simu ikawa ndio karibu yetu. Ulikuwa unanipigia ukiwa hapo nje kwa gate, unaniuliza kama unaweza kuingia.

Sasa sikia ya juzi. Nilimwambia Nyokabi, Jumapili tunaenda, mimi nitakaa town, wewe enda Westlands kwa mashini yake. Katoni haikuwa, nikapewa kiti ya kuzunguka, karibu inimwage. Nyokabi akapiga kutoka Westlands.

"Mama, unaona taa ya kijani, ile inapepesa?"

"Naiona."

"Hiyo ndiyo ya kwenda kwake." Sikumharakisha. Halafu akasema, "Nimefunga."

Nikaangalia. "Nyokabi, haijazima. Imewacha kupepesa, lakini inawaka. Imetulia tu."

Akaniambia ni sawa, inawaka kwa sababu barabara bado iko, ni mzigo tu haupiti. Nikamsikia akilia kidogo. Nikashika simu, nikakaa naye hivyo.

Halafu akatoa yako, akaweka mpya. Hiyo mpya nayo imetoka kwa katoni inajiita moja, milango yote imefungwa. Nikamuuliza, utaipea namba gani? Akasema ofisi imemwambia achague yenye anataka, bora isiwe moja.

Akaipea mbili. Sisi tukipoteza mtu si jina linapewa mtoto? Akafungua port, na hii taa mbele yangu ikaanza kupepesa tena.

Nyokabi amechoka kuandika, na karatasi ameilowesha. Kiti chako cha mlangoni kiko, Nekesa ndiye anakikalia siku hizi. Pumzika, baba. Na ukitaka kuingia, wewe ingia tu, hakuna haja ya kupiga simu.

Ni mimi mama mkwe wako,
Mama Nyokabi wa Riruta