Kwetu na Petu

Jumapili, 9 Novemba

Daftari, uniwie radhi. Tangu kiangazi sijaandika. Sina udhuru ila uvivu, na uvivu si udhuru.

Darasa langu la Kiswahili la Jumamosi linaendelea, katika chumba cha chini cha jengo letu hapa ughaibuni, kwenye njia panda ya barabara za Jane na Finch. Watoto wananielewa, wananijibu Kiingereza. Mwanafunzi hodari ni jirani yangu, Bi. Liu. Mchina, mzaliwa wa Kolkata, India, ambako baba yake alitengeneza ngozi. Mara ya kwanza aliingia kufuata joto la chumba. Akabaki kwa ajili ya ngeli.

Jumamosi, 15 Novemba

Zoezi la leo: "Kwetu ni ___." Bi. Liu aliandika Kolkata. Nikakata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake: China. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akatoka bila kuaga.

Theluji ya kwanza. Inashuka kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka.

Jumanne, 18 Novemba

Binti yangu amenieleza. Kaka yake Bi. Liu, aliyebaki Kolkata peke yake, anaugua. Anamwita arudi akaishi naye. Nami nilimwandikia China, ambako hajawahi kufika.

Naona haya. Pia naogopa atakwenda.

Mchana nilisinzia kitini. Nikaota mtaa nisioujua, ngozi zimeanikwa, zinapepea bila upepo. Nilipoamka sikujua niko nchi gani.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuja darasani. Nikapiga hodi kwake na mkate wa kumimina.

"Kule Kolkata walituambia, rudini kwenu," alisema. "Hapa, kwenye basi, rudi kwenu. Nawe, Mwalimu, kwa wino mwekundu?"

Nikasema kosa ni langu.

"Basi sahihisha."

Alileta karatasi. Nikasahihisha nimesimama mlangoni. Akaonja mkate.

"Haukuwekwa pilipili."

"Hauwekwi pilipili, dada."

"Ndiyo kasoro yake."

Jumapili, 23 Novemba

Tumekaa dirishani kwangu. Theluji imefuta barabara. Pale chini pangeweza kuwa Kolkata, pangeweza kuwa Tanga nilikozaliwa.

Bado hajaamua. Aliuliza tofauti ya kwetu na petu. Nikamweleza: ku- ni mahali pasipo mpaka, pa- ni mahali hasa, unapoweza kupagusa.

Akagusa kioo. Kisha mkono wa kiti changu.

"Basi Kolkata ni kwetu. Hapa ni petu."

Sikuona la kusahihisha.

Akishaamua, nitaandika.